Kuhamisha hesabu za biashara kutoka Excel hadi programu ya uhasibu: Hatua na hadhari

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara nyingi ndogo nchini, daftari hilo limepitia mabadiliko mawili. Kwanza, kitabu chenye jalada gumu kilipisha lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta lenye mistari na safu, ambalo wengi hulijua kwa jina la Excel. Sasa lahajedwali nalo linapisha programu za uhasibu kama vile QuickBooks, Sage, Tally na Zoho Books, ambazo hutoa ankara, hufuatilia madeni na kutayarisha taarifa za faida na hasara.

Mabadiliko ya pili yana hatari ambayo ya kwanza hayakuwa nayo. Rekodi za miaka kadhaa haziwezi kuchapwa upya moja baada ya nyingine, hivyo huhamishwa kwa mkupuo, faili nzima kwa dakika chache. Kosa lililomo ndani ya faili huhama pia. Likishaingia vitabuni, hugeuka deni ambalo mteja hakukopa, au kodi ya mauzo ambayo hayakufanyika.

Sababu ni kwamba programu haijui ukweli wa biashara. Hukagua tu iwapo palipotakiwa tarehe pana kitu kinachofanana na tarehe, na palipotakiwa namba pana namba. Ikiridhika, hupokea kila kitu bila kulalamika. Kwa hivyo uhamishaji salama hautegemei wepesi wa kubofya vitufe. Hutegemea mambo matatu: usafi wa faili kabla ya kuingizwa, mpangilio wa kuingiza, na ulinganishaji wa jumla baada ya kazi.

TOFAUTI YA LAHAJEDWALI NA VITABU

Lahajedwali la kwanza kupata umaarufu katika kompyuta ndogo lilikuwa VisiCalc, lililoundwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuuzwa kuanzia mwaka wa 1979. Excel ilitoka mwaka wa 1985. Uzuri wa majedwali haya ni uhuru wake: mtu aweza kuandika lolote katika kisanduku chochote. Uhuru huo ndio huleta taabu wakati wa kuhama.

Programu ya uhasibu hufuata kanuni ya zamani zaidi, ile ya kuandika kila shughuli pande mbili, ambayo Luca Pacioli aliieleza katika kitabu chake kilichochapishwa Venice mwaka wa 1494. Duka likiuza saruji ya Sh8,000 kwa mkopo, akaunti ya wadeni huongezeka kwa Sh8,000 upande wa debiti, nayo akaunti ya mauzo huongezeka kwa kiasi hicho hicho upande wa krediti. Katika lahajedwali, shughuli hiyo huwa mstari mmoja tu: tarehe, jina, bidhaa na bei. Anayehamisha hana budi kuiambia programu upande wa pili unakwenda wapi. Asipofanya hivyo, programu itauweka katika akaunti itakayoichagua yenyewe.

TAREHE YA KUHAMIA

Uamuzi wa kwanza ni siku ambayo vitabu vipya vitaanza. Iliyo bora ni siku ya kwanza ya mwaka wa hesabu wa biashara. Ikiwa haiwezekani kungoja, ichaguliwe siku ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa taarifa za VAT huwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuhama katikati ya mwezi hulazimisha taarifa moja kutoka katika vitabu viwili.

Uamuzi wa pili ni kiasi cha kuhamisha. Wengi hutamani kuingiza kila mauzo tangu biashara ilipofunguliwa. Kwa kawaida hakuna haja. Yanayohitajika ni masalio ya siku ya kuhamia, orodha ya wateja, orodha ya wanaoleta bidhaa, orodha ya bidhaa zenyewe, na ankara ambazo bado hazijalipwa. Majedwali ya zamani hubaki kama kumbukumbu. Yasifutwe, kwa kuwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka wa 2015 inamtaka mlipa kodi kuhifadhi rekodi zake kwa miaka mitano.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi linalohamia vitabu vipya Januari 1. Jioni ya Desemba 31, mwenye duka ana pesa taslimu Sh18,500, salio la benki Sh212,000, na salio la M-Pesa Sh46,300. Wateja wanamdai Sh0, bali yeye anawadai Sh137,200. Bidhaa zilizomo stoo zilinunuliwa kwa Sh684,000, na rafu na mizani zina thamani ya Sh95,000. Jumla ya mali ni Sh1,193,000.

Upande wa pili, anadaiwa na waliomletea bidhaa Sh248,000, ana mkopo wa Sh300,000, na VAT ya Sh21,000 ambayo bado hajailipa. Jumla ya madeni ni Sh569,000. Tofauti ya mali na madeni, yaani Sh624,000, ndiyo mtaji wake. Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi kabla ya kompyuta kuguswa, kwani ndiyo kipimo cha kazi yote itakayofuata.

KUSAFISHA FAILI

Lahajedwali linalosomeka vizuri kwa macho mara nyingi halisomeki na programu. Faili ya kuingizwa inapaswa kuwa na mstari mmoja tu wa vichwa juu, kisha kila shughuli mstari wake. Jina la duka lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya jedwali liondolewe. Mistari mitupu iondolewe, na visanduku vilivyounganishwa vitenganishwe. Mistari iliyofichwa ifunuliwe, kwa maana programu huisoma hata kama mwenye faili haioni.

Hatari kubwa zaidi ni mstari wa jumla. Watu wengi huweka jumla ya mauzo chini ya kila mwezi. Programu haijui kwamba hiyo ni jumla. Huiona kama mauzo mengine. Mwezi uliokuwa na mauzo ya Sh400,000 huingia vitabuni ukiwa na Sh800,000.

Majina nayo yakaguliwe. Mteja aliyeandikwa kwa kifupi Machi na kwa kirefu Juni ni watu wawili mbele ya programu. Deni lake hugawanyika, na akilipa, malipo huenda kwenye jina moja huku jina la pili likiendelea kuonyesha kwamba anadaiwa. Njia rahisi ni kupanga safu ya majina kwa alfabeti na kuisoma yote taratibu, kisha kuchagua tahajia moja kwa kila mteja.

Katika safu ya pesa, herufi "Sh" zilizochapwa pamoja na namba huifanya namba kuwa maneno tu, na haijumlishiki tena. Nafasi iliyoachwa baada ya namba huleta tatizo lilo hilo. Kila kiasi kiandikwe kwa tarakimu tupu, bila alama ya sarafu wala koma ya maelfu.

TAREHE NA NAMBA ZA SIRI

Hakuna kosa linalojificha kama la tarehe. Nchini Kenya, 03/04/2024 ni Aprili 3. Programu iliyowekwa kwa desturi ya Marekani huisoma kama Machi 4. Tarehe 25/04/2024 itakataliwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na hapo kosa litaonekana. Lakini shughuli za siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi zitapokelewa zote, na nyingi zitaangukia mwezi usio wake. Tiba ni kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, mathalan 2024-04-03, au kuteua mpangilio wa tarehe katika programu kabla ya kuingiza.

Wakati mwingine safu ya tarehe hujaa namba kama 45292. Hilo lisimtishe mtu. Excel huhifadhi tarehe kwa kuhesabu siku kuanzia mwanzo wa mwaka wa 1900, na 45292 ni Januari 1, 2024. Kinachohitajika ni kurejesha umbo la tarehe kwenye safu hiyo.

Excel pia ina tabia ya kubadilisha kile inachodhani ni tarehe au hesabu. Katika duka la vifaa vya ujenzi, ukubwa wa bomba ulioandikwa 3/4 hugeuka kuwa Aprili 3. Namba ya bidhaa 12E5 hugeuka kuwa milioni moja na laki mbili. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hubadilishiwa za mwisho kuwa sifuri. Safu za namba za simu, namba za bidhaa, PIN za kodi na namba za stakabadhi zote zinapaswa kuteuliwa kuwa maandishi kabla ya kujazwa. Zikiteuliwa baadaye, kilichopotea hakirudi.

FAILI YA CSV NA MITEGO YAKE

Programu nyingi hupokea faili ya CSV. Hii ni faili ya maandishi tupu ambamo kila safu hutenganishwa na inayofuata kwa koma. Faida yake ni kwamba karibu kila programu huielewa. Udhaifu wake ni kwamba koma iliyomo ndani ya namba au jina inaweza kuchukuliwa kuwa mpaka wa safu. Kiasi cha 1,250 kisichofungwa kwa alama za mtajo hugawanyika kuwa 1 na 250, na safu zote zinazofuata kwenye mstari huo husogea hatua moja.

Faili ikishahifadhiwa kama CSV, isifunguliwe tena kwa kubofya ndani ya Excel na kuhifadhiwa. Excel itaondoa sifuri za mbele na kubadilisha tarehe upya, hata kama zilikuwa zimesharekebishwa. Anayetaka kuikagua atumie programu ndogo ya maandishi kama Notepad.

Aina ya faili nayo ina ukomo wake. Faili za zamani za Excel, zinazoishia kwa xls, hubeba mistari 65,536 tu kwa kila jedwali, ilhali zile za xlsx hubeba 1,048,576. Mnamo 2020, tofauti hiyo iliitia Uingereza aibu. Idara yake ya afya ya umma ilikuwa ikipakia matokeo ya vipimo vya Covid-19 katika faili za xls. Mistari ilipojaa, iliyozidi iliachwa nje, na visa 15,841 vya kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 havikuingizwa katika takwimu za kila siku kwa wakati wake. Ufuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa hao ukachelewa. Duka dogo halitafikia mistari hiyo kwa urahisi, lakini programu nyingi za uhasibu huweka kikomo chao kilicho cha chini zaidi kwa kila faili. Mistari ihesabiwe kabla na baada.

MPANGILIO WA KUINGIZA

Faili haziingizwi ovyo. Ya kwanza ni orodha ya akaunti: benki, M-Pesa, wadeni, stoo, mauzo, kodi ya nyumba, mishahara na nyinginezo. Ya pili ni orodha ya wateja na ya wanaoleta bidhaa. Ya tatu ni orodha ya bidhaa. Ndipo hufuata masalio ya kuanzia, kisha ankara ambazo hazijalipwa, na mwisho shughuli za baada ya siku ya kuhamia. Ankara ikitangulia mteja wake, programu hukataa kuipokea, au humwunda mteja mpya asiye na anwani wala PIN.

Masalio ya wadeni huleta mkanganyiko mkubwa. Katika mfano wa duka, deni la Sh137,200 laweza kuingizwa kama jumla moja, au kama ankara moja moja. Likiingizwa kwa njia zote mbili, wadeni huwa Sh274,400. Njia ya ankara ndiyo bora, kwa sababu mteja akija kulipa ataonyeshwa ankara anayoilipia. Kwa hiyo jumla ya wadeni iachwe nje ya masalio, iletwe na ankara zenyewe. Wanaodai duka nao washughulikiwe vivyo hivyo.

Katika QuickBooks, masalio ya kuanzia hupitia akaunti maalumu ya mtaji wa mwanzo. Kazi ikikamilika, kiasi kilichobaki humo huhamishiwa mtaji wa mwenye biashara, na akaunti hiyo hubaki na sifuri. Ikiwa kiasi kilichomo si kile kilichoandikwa kwenye karatasi, kuna kitu kilichosahauliwa au kilichoingia mara mbili.

Bidhaa za stoo huingizwa kwa bei ya kununulia. Majedwali mengi ya maduka huwa na bei ya kuuzia peke yake, na akiitumia hiyo, mwenye duka huonekana amepata faida kabla ya kuuza hata msumari mmoja.

VAT NA eTIMS

Swali moja lazima lijibiwe kabla ya kuingiza mauzo: je, bei zilizomo kwenye lahajedwali zinajumuisha VAT au la? Kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Bidhaa iliyouzwa kwa Sh1,160 pamoja na kodi ina VAT ya Sh160. Programu ikiambiwa kimakosa kwamba bei hiyo haina kodi, itaongeza Sh185.60 juu yake na kuandika kwamba mteja alitozwa Sh1,345.60. Duka litaripoti kodi ambayo halikuikusanya, na pesa hizo zitatoka mfukoni mwa mwenyewe.

Anayeingiza rekodi za 2020 akumbuke kwamba kiwango kilipunguzwa hadi asilimia 14 kuanzia Aprili 1 mwaka huo, kikarejeshwa hadi asilimia 16 Januari 1, 2021. Aidha, ankara za kabla ya siku ya kuhamia ambazo VAT yake ilisharipotiwa ziingizwe kwa namna ambayo haitaileta tena katika taarifa mpya.

Tangu 2023, KRA imewataka wafanyabiashara kutoa ankara kupitia mfumo wa kielektroniki wa eTIMS. Ikiwa programu imeunganishwa na mfumo huo, muunganisho usiwashwe hadi ankara za zamani ziwe zimeingizwa na kukaguliwa, ili zisitumwe KRA kana kwamba ni mauzo mapya.

TAARIFA ZA BENKI NA M-PESA

Baada ya kuhama, wengi huanza kuingiza taarifa za benki na M-Pesa kila wiki. Hapa ndipo mapato huongezeka maradufu bila mtu kuuza chochote zaidi. Mteja amelipa ankara ya Sh8,000 kwa M-Pesa. Malipo yamekwisha kuandikwa kwenye ankara. Kisha mstari wa Sh8,000 unaletwa na taarifa ya M-Pesa na kuandikwa kuwa mauzo. Mstari huo unapaswa kuoanishwa na malipo yaliyokwisha kuandikwa, wala si kuongezwa.

Vivyo hivyo, pesa zinazotolewa M-Pesa na kupelekwa benki si mapato. Ni uhamisho kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, nazo huonekana katika taarifa zote mbili. Ada za kutuma pesa ni matumizi, na zinapaswa kuwa na akaunti yake; ni kidogo kila siku, lakini mwisho wa mwaka huwa fungu la kutambulika.

KUJARIBU NA KUHAKIKI

Kabla ya kuingiza chochote, itengenezwe nakala ya akiba ya vitabu vilivyomo kwenye programu, na ya lahajedwali lenyewe. Programu nyingi hazina njia ya kufuta kwa mkupuo kilichoingizwa kwa mkupuo. Kisha ijaribiwe faili ya mistari kumi, ikiwezekana katika kampuni ya majaribio ambayo programu nyingi huruhusu kuiunda. Kumi ikikubali na kukaa mahali pake, ndipo faili nzima iingizwe. Ikitokea hitilafu katikati, faili isirudiwe kuingizwa juu ya iliyotangulia. Nakala ya akiba irejeshwe na kazi ianze upya.

Kwa kila faili, yaandikwe mambo mawili kwenye karatasi: idadi ya mistari na jumla ya pesa. Baada ya kuingiza, yalinganishwe na yaliyomo kwenye programu. Mwishoni huchapishwa urari, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili, na kila salio hulinganishwa na karatasi ya Desemba 31.

Wahasibu wa zamani walikuwa na vipimo viwili ambavyo bado vinafaa pale ambapo masalio yamechapwa kwa mkono. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Mathalan, Sh137,200 iliyoandikwa Sh173,200 huleta tofauti ya Sh36,000, ambayo ni mara 4,000 ya tisa. Na tofauti ikigawanywa kwa mbili ikatoa kiasi kilichomo vitabuni, huenda kiasi hicho kimewekwa upande usio wake.

Hata hivyo, urari uliosawazika si ushahidi wa mwisho. Mauzo yaliyoingizwa mara mbili husawazika, na tarehe zilizopinduka husawazika pia. Kwa sababu hiyo, orodha ya wadeni ichapishwe na kusomwa na mtu anayewajua wateja wenyewe. Yeye ndiye atakayeona kwamba mteja fulani alimaliza deni lake Novemba, au kwamba kiasi fulani hakiwezi kuwa cha fundi ambaye hajawahi kukopa zaidi ya Sh5,000.

Kwa mwezi mmoja wa kwanza, inafaa lahajedwali na programu ziendeshwe sambamba. Mwezi ukiisha na masalio ya pande zote yakilingana, lahajedwali lifungwe lisiandikwe tena, na nakala yake iwekwe mahali pasipo na kompyuta ya duka. Mteja akija miaka miwili baadaye akisema deni hilo alikwisha lilipa, jibu litapatikana humo.